Ofisi za ustawi zisidai DNA pekee



Kaka yangu alifariki akaacha mtoto mmoja wa kike, aliyemzaa na mwenzake kabla hawajafunga ndoa. Ukoo wetu hauna ubishi juu ya mtoto huyu. Mimba ilipojulikana, wazee wetu walikwenda kwa wazazi wa binti, wakajitambulisha na kulipa faini. Baba yetu ndiye aliyempa mtoto jina, la marehemu bibi yetu. Kaka alimlipia ada mpaka alipougua, na msibani mtoto alitajwa kwenye wasifu wa marehemu, watu wote wakisikia.

Leo mama yake anaambiwa hana ushahidi. Cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, kwa sababu siku ya kuandikisha kaka alikuwa safarini na baadaye hakuna aliyefuatilia. Tulipokwenda ofisi ya ustawi wa jamii, jibu lilikuwa moja: leteni DNA. Ya nani, naye ameshazikwa? Tukaambiwa ndugu wanaweza kupimwa, gharama juu yetu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Kifungu cha 35 kinaitaka mahakama iangalie mambo kadhaa: jina la mzazi kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, mtoto kutambuliwa hadharani, mzazi kukataa kupimwa, na majibu ya vinasaba. Mawili kati ya hayo tunayo, na mashahidi wake ni wazee ambao hawatakuwapo siku zote. Kwa nini mtumishi wa umma aliyesomea kazi hii ataje moja tu, tena lile linalomshinda maskini?

Najua wapo wanaume wanaobambikiwa watoto. Kwao kipimo ni haki yao, na mahakama ina mamlaka ya kukiamuru. Lakini pale ambapo upande wa baba wenyewe unasema huyu ni damu yetu, kipimo kinamlinda nani?

Linaloniumiza zaidi ni muda. Kifungu cha 34 kinaruhusu maombi kabla mtoto hajazaliwa, ndani ya miaka 3 tangu mzazi afariki, au kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Pale ofisini hakuna aliyetutajia hata neno moja la hayo, wala kwamba mtoto mwenyewe anaweza kuomba, au ofisa ustawi akaomba kwa niaba yake. Na mirathi haingoji. Msimamizi akishateuliwa na mali ikagawanywa, kifungu cha 10 kinachokataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake kitamsaidia nini ambaye hajatambuliwa?

Sisi tumepata msaada wa kisheria na tunaandaa maombi. Wasiwasi wangu ni kwa akina mama ambao ukoo wa marehemu umewafungia mlango, wasio na wifi wa kusimama nao.

Naiomba wizara yenye dhamana ya watoto iwaelekeze maofisa ustawi wote wamweleze kila mzazi aina zote za ushahidi, pamoja na ukomo wa muda, siku ile ile anayofika. Vifungu hivyo vibandikwe kwa Kiswahili ofisini kwao, kliniki na kwenye ofisi za kata.

Shangazi wa mtoto,
Iringa