Stokes Peke Yake Hatoshi kwa Mito ya Ukambani

Leo nina la moyoni. Kuna mtindo umezuka kwetu sisi waandishi wa programu: mtu anachukua kanuni ya Stokes ya mwaka 1851, anaiandika kwa mistari mitano, anachora chembe zikizama kwenye skrini, kisha anatangaza ameiga bwawa la mchanga. Jamani, hajaiga kitu!

Mabwawa haya si mchezo. Kitui pekee, shirika la SASOL limesaidia wanakijiji kujenga mamia tangu miaka ya 1990, na Makueni yapo pia. Ukuta unakatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, maji yanajificha kati ya chembe, mbali na jua. Bwawa likijaa tope laini badala ya mchanga, maji hayachoteki na jasho la kijiji limepotea. Ndiyo maana ukuta hupandishwa kwa awamu: mchanga ubaki, tope lipite juu na mafuriko.

Sasa hesabu. Chembe ya tope ya milimita 0.01, asema Stokes, huzama milimita 0.09 kwa sekunde, yaani takriban saa tatu kwa mita moja ya maji yaliyotulia. Hapo yuko sawa. Chembe ya mchanga ya milimita 1? Kanuni inatoa sentimita 90 kwa sekunde. Ukweli ni kama 13! Kanuni hiyo ni ya chembe ndogo, pale mnato wa maji unapotawala. Nyuma ya chembe kubwa maji huvurugika na kuizuia. Programu inayozidisha kasi mara saba itakuonyesha mchanga umenaswa, kumbe mafuriko yameuvusha ukuta.

Wala msijitetee kwamba kompyuta zina nguvu. Ukifuata mwendo wa chembe ile ya tope kwa mbinu rahisi ya Euler, hatua ya muda ikizidi sekunde 0.00003 namba zinalipuka.

Dawa ipo. Ferguson na Church walichapisha mwaka 2004 fomula moja inayofaa tope na mchanga. Ni mstari mmoja tu! Chembe ndogo zipe kasi yake ya mwisho moja kwa moja. Kisha dondosha mchanga wa mto kwenye chupa ndefu ya maji, upime kwa saa. Programu inayoshindwa na chupa isipewe ukuta wa mtu.