Ukaguzi usiishie kwenye mita

Kwa kanuni za Uganda, wayaringi ya nyumba ni kazi ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Sawa. Lakini hosteli za wanafunzi, za Kyambogo jijini Kampala zikiwemo, hubadilika mita ikishafungwa: chumba hugawanywa kwa ubao, na waya wa taa huvutwa kulisha soketi. Waya wa milimita za mraba 1.5, uliokusudiwa balbu, ukibebeshwa jiko la umeme, pasi na birika kwa pamoja, huchemka ndani ya bomba bila mtu kujua. UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme mwaka 2025, huhesabu yuniti tu. ERA idai ukaguzi mpya kila chumba kinapogawanywa, na gharama abebe mwenye hosteli, si mpangaji.