Reli ya Ruvu–Mruazi: tusiishie kupiga picha na treni

Najua nimepotea, UE ilitubana wote. Leo naandika kuhusu reli, maana hapa hosteli tumebishana wiki nzima, na jamaa yangu wa Moshi anatamba kwamba reli ya kwao "imefufuka" na mjadala umefungwa. Mimi mtoto wa Bagamoyo nasema haujafungwa hata kidogo.

Kwanza tuwekane sawa. Bagamoyo mjini hatujawahi kuwa na reli. Mjerumani alihamishia makao yake Dar mwaka 1891, na alipoanza Reli ya Kati mwaka 1905 akaianzia Dar. Ile ya Tanga alishaianza tangu 1893. Sisi tukabaki katikati, mji uliokuwa mwisho wa misafara mingi ya bara, tunaangalia tu. Lakini wilaya yetu ni kubwa, jamani! Chalinze ina halmashauri yake, ila kiwilaya bado ni Bagamoyo, na huko ndiko inakopita reli ninayoisemea. Inaanzia Ruvu kwenye Reli ya Kati, inavuka Mto Wami, inakwenda kuungana na reli ya Tanga pale Mruazi. Kilomita 188. Ilifunguliwa 1963, na kabla ya hapo reli zetu kuu mbili zilikuwa hazijuani kabisa.

Kipande hicho kilikaa zaidi ya miaka kumi bila treni. Majani yakaota, watu wakalima juu yake. Shirika lenyewe nalo lilikuwa hoi, mkikumbuka TRL ilivyokabidhiwa kwa RITES ya India mwaka 2007 na mkataba ukavunjika 2011. Ndipo 2019 treni ya mizigo ikarudi mpaka Moshi, Desemba abiria wakapanda kutoka Dar, na 2020 ikafika Arusha. Watu walijipanga kandokando ya reli kushangilia. Sawa, hata mimi nilifurahi.

Sasa hoja yangu: reli kama hii hailishwi na abiria. Nauli ya daraja la tatu hainunui mataruma wala kokoto. Inalishwa na mzigo mzito, unaokwenda mbali, na unaopatikana kila wiki. Mabehewa 20 yakibeba tani 40 kila moja ni tani 800. Kwa malori ya tani 30 hayo ni kama malori 27, ambayo mengine yote yanakuja kujazana barabara ya Chalinze–Segera, ile ile ambayo sisi tunapita na basi tukiomba Mungu.

Jamaa wa Moshi ananiuliza, mbona basi wafanyabiashara bado wanapenda lori? Swali zuri. Lori linakuja mpaka mlangoni. Mzigo wa treni unapakiwa mara mbili na kushushwa mara mbili, na kila mara kuna kuli wa kulipwa na mfuko wa kupasuka. Ndiyo maana nanasi la Kiwangwa silitaki kwenye treni, litaoza njiani, liacheni na fuso yake. Lakini saruji ya Tanga, mbolea, mahindi, chumvi? Hizo hazina haraka. Na sukari: kiwanda cha Bakhresa kule Makurunge kilianza uzalishaji 2022, mzigo wa maana kabisa, ila uko upande wa pwani na reli iko bara. Hapo katikati hakuna kitu.

Ndiyo kinachoniuma. Tangu mkataba wa bandari ya Bagamoyo wa mwaka 2013 tunaambiwa reli itakuja na bandari. Mwaka 2019 mradi ukasimamishwa, 2021 ukafufuliwa mazungumzo, na wazee wa kwetu bado wanasubiri na hati za viwanja mkononi. Kwa nini tusubiri meli kubwa wakati reli ipo tayari? Tuwekeeni njia ya pembeni ya kupakilia kwenye stesheni moja upande wa Wami, ghala, winchi ya kushushia, na barabara inayopitika masika. Juu ya hapo ratiba inayoeleweka, kwamba treni ya mizigo inapita siku fulani, mvua isinyeshe au inyeshe. Mfanyabiashara akikosa behewa mara mbili harudi tena. Halafu bandari kavu ya Kwala haiko mbali na Ruvu, kwa hiyo mzigo wa kaskazini una pa kwenda bila kuingia foleni ya Dar.

Wapo wanaosema tusihangaike na reli ya mita moja wakati SGR ipo. SGR nimeipanda, raha tupu, Dar–Morogoro tangu 2024. Lakini SGR ya Tanga–Arusha imekuwa kwenye mipango miaka na miaka. Na reli ikikosa mzigo hufa kweli, waulizeni watu wa Mtwara na Nachingwea, reli yao ya mradi wa karanga iling'olewa miaka ya 60 na haijarudi hadi leo.

Mwenye ndugu anayelima Miono au Mandera amuulize kitu kimoja: gunia moja la mahindi analipa shilingi ngapi kulifikisha Dar? Nataka nilinganishe na bei ya behewa kabla sijamfuata tena huyu Mchaga. Mimi naishia hapa, kesho nina semina saa 2 asubuhi na sijasoma hata ukurasa.