"Alinipa", si "Alipa Mimi"

Wako watu wasemao ya kwamba Kiswahili cha bara hakihitaji adabu za pwani, na kuwa mtu akisema "ambia mimi" au "saidia mimi", maadamu ameeleweka, basi yamekwisha. Neno hili husemwa kwa upole, kana kwamba ni hisani kwa wanaojifunza lugha. Si hisani hata kidogo.

Na atazamwe mchumaji wa Kwamkoro, kule juu karibu na Amani katika Usambara ya Mashariki, ambako mashamba ya chai yamekusanya watu wa makabila mengi na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tuseme amechuma tangu asubuhi, na kwenye mizani aona kilo zake zimeandikwa pungufu. Akisema, "Karani amenipunja," kosa na mkosewa wamo pamoja katika neno moja. Hapana awezaye kulisikia tendo asimsikie aliyetendwa. Akisema, "Karani amepunja mimi," mwenye haki amesukumwa nje ya tendo, amesimama mlangoni akingoja kukumbukwa. Na mtu anayedai haki yake mbele ya mkubwa hana neno la kupoteza.

Asili ya usemi huo haikufichika. Walowezi wa Kenya walikuwa na Kisetla chao, cha "lete mimi chai". Ilikuwa lugha ya kuamuru. Bwana alitaka chai ifike. Namna mtumishi awezavyo kusema "umenidhulumu" haikumhusu. La kushangaza ni kwamba leo, zaidi ya miaka 60 tangu Tanganyika ipate uhuru mwaka 1961, wapo wenyeji wanaoutetea usemi huo kwa jina la wepesi.

Wepesi wenyewe haupo. Kitenzi cha kupa hakisimami bila kiambishi cha mpewa. Aliyeondoa "ni" akasema "alipa mimi kitabu" husikika kama azungumzaye habari za kulipa. Na aliyeibiwa fedha akisema "ameiba mimi", amesema kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyechukuliwa, kama mbuzi, hali alitaka kusema "ameniibia".

Lakini lawama isiwaangukie wanafunzi peke yao. Mwalimu anayemcheka mtoto wa Kishambaa kwa kusema "alikinipa" hajui anachokicheka. Kishambaa huruhusu viambishi viwili vya watendwa ndani ya kitenzi kimoja, jambo ambalo Kristina Riedel alilichunguza kwa kirefu katika utafiti wake wa mwaka 2009. Mtoto huyo ameleta mali kutoka kwao. Aambiwe tu kwamba katika Kiswahili kiti ni kimoja: mtu hukaa, kitu hungoja nje. "Alinipa hicho." Somo hilo halimalizi hata robo ya saa, na kicheko hakiwezi kulifundisha.

Ni kweli kwamba viambishi hivi vina mitego yake, wala haifai kuificha. "Nisaidie" yaweza kuwa ombi la anayetaka msaada. Yaweza pia kuwa swali la anayetaka kuutoa. Kijana akimkuta bibi mwenye mzigo wa kuni kwenye mteremko, na aseme, "Nikusaidie, bibi?" Naye bibi, akipenda, atajibu, "Unisaidie, mwanangu." Kiambishi kimoja kimezidi, na shaka imekwisha. Mtego wa wingi ni mkali zaidi. "Alitupa mahindi": je, watu wamepewa, au mahindi yamekwenda jalalani? Hapo ndipo "sisi" ina kazi ya halali, wala si kushika mahali pa kiambishi bali kukifafanua: "Alitupa sisi mahindi." Hali kadhalika "mimi", pale mchumaji anapoulizwa kama ndugu yake aliyesimama nyuma yake naye amepunguziwa kilo, akajibu, "La, amenipunja mimi."