Kanuni za Maktaba Zimlinde Msomaji, si Tarakilishi Pekee

Hivi majuzi nilikuwa safarini katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, na kwa kuwa tarakilishi yangu ya mkononi ilikuwa imeishiwa na nguvu, niliingia katika maktaba ya umma ili nisome barua pepe mbili tatu kutoka kwa wanafunzi wangu. Palikuwa na tarakilishi sita, mbili kati yazo mbovu, na vijana wengi wameketi kwenye benchi wakingoja zamu. Zamu yangu ilipowadia nilikalia kiti cha msichana mmoja ambaye mhudumu alikuwa amemwambia, kwa upole lakini bila mzaha, "Binti, nusu saa yako imekwisha, wapishe wenzako." Msichana alikusanya karatasi zake chapuchapu, akaondoka.

Nilipoinua macho nikaona kwamba hakuwa ameondoka. Ukurasa wake ulikuwa wazi mbele yangu: jina lake, nambari yake ya mtihani wa KCSE, na orodha ya kozi alizokuwa akiteua katika mtandao wa KUCCPS, asasi inayowagawia wanafunzi nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vya kadiri. Kozi ya kwanza ilikuwa uuguzi. Kwa kubonyeza mara mbili tatu ningeweza kuifuta na kuweka mahali pake somo ambalo hakupata kuliota. Nilimwomba kijana aliyekuwa karibu asiguse kitu, nikatoka mbio, nikamkuta langoni akitafuta nauli mkobani. Nilijitambulisha na kumweleza nilichokiona. "Mwalimu, sikujua," alisema tulipokuwa tukirudi. "Nilidhani nikiinuka inajifunga yenyewe."

Alipokwisha kuufunga ukurasa wake na kwenda zake, niliusoma ubao wa kanuni uliokuwa juu ya meza zile. Kanuni zilikuwa 14, zote kwa Kiingereza. Ya kwanza ilikataza kelele. Ya nne ilikataza vyakula na vinywaji. Ya saba ilikataza kuchomeka kifaa chochote cha kuhifadhia data bila idhini. Ya tisa ilikataza kutafuna chingamu. Nilizisoma mara mbili nikitafuta ile moja ambayo ingalimwambia yule binti afunge akaunti yake kabla ya kuinuka, nisiione. Mwandishi wa ubao ule alikuwa amefikiria kila dhara linaloweza kuipata tarakilishi, wala hakufikiria hata moja linaloweza kumpata anayeitumia.

Sitaki nieleweke vibaya. Wahudumu wa maktaba nawaheshimu, na dhiki yao naijua. Mtu mwenye tarakilishi nne nzima na vijana 30 kwenye benchi hana budi kupima muda. Vifaa vya kuhifadhia data huleta virusi, na vipanya vina tabia ya kutoweka. Kuna pia wale wanaokuja kucheza kamari ya kandanda huku mwenzao akingoja kujaza fomu ya mkopo wa masomo. Kanuni lazima ziwepo. Ninalouliza ni kanuni hizo zinasema na nani, na kwa lugha gani.

Kwa kuwa riziki yangu ni isimu, niruhusiwe kuangalia sarufi kidogo. Takriban kila kanuni kwenye ubao ule ilikuwa katika kauli ya kutendwa: jambo fulani haliruhusiwi, jambo fulani limepigwa marufuku. Kauli hiyo ina sifa moja ambayo walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wao, kwamba yaweza kumficha mtenda. Nani haruhusu? Kwa sababu gani? Ukimwambia mwanafunzi kwamba kifaa chake hakiruhusiwi, atangoja mhudumu ageuke kisha akichomeke. Ukimwambia, "Onyesha kifaa chako kwa mhudumu akikague virusi, visije vikaharibu kazi yako na ya wenzako," umempa sababu na umemhesabu miongoni mwa wenye mali. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sijui kama waliposema hivyo walikuwa wakifikiria ubao wa maktaba, lakini bao zetu nyingi zimeandikwa kana kwamba methali hiyo ndiyo sera.

Tuje kwenye lugha yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Azimio la IFLA na UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa upya mwaka 1994 na kurekebishwa mwaka 2022, laitaja lugha waziwazi miongoni mwa mambo yasiyopasa kumnyima mtu huduma ya maktaba. Hapa kwetu neno hilo lina uzito. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mlango huo ulifunguka zamani. Lakini mama muuza mboga anayeingia maktabani leo kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe katika mtandao wa serikali, akakuta kanuni 14 asizozielewa, ataona aibu kuuliza, na mara nyingi atageuka aende akamlipe kijana wa dukani amfanyie, pamoja na kumwachia nywila yake.

Najua jibu linalotolewa: Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Jibu hilo limechakaa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na tangu hapo kampuni kubwa za nje zimetafsiri bidhaa zao. Faili, kabrasha, kivinjari, nywila, pakua, hifadhi: yote yapo. Ni kweli kwamba sisi wanaisimu tungali tunagombana. Mimi naandika tarakilishi, jirani zetu Watanzania wanaandika kompyuta, na wanafunzi wangu nao, nikiwapa kisogo, wanasema kompyuta. Ugomvi huo ni wetu wa mezani. Haumzuii mtu yeyote kuandika kwa Kiswahili cha kawaida kwamba kivinjari kikikuuliza kama unataka kihifadhi nywila yako, ukatae, kwa kuwa atakayekaa hapo baada yako ataweza kuingia kwa jina lako.

Hilo ndilo jambo ninalotaka walimu walitilie maanani. Tarakilishi ya umma haisahau mpaka isahaulishwe. Nakala ya kitambulisho uliyoipakua ili uichapishe hubaki katika kabrasha la vilivyopakuliwa. Kurasa ulizozizuru hubaki katika historia ya kivinjari. Mwanafunzi aliyezoea simu yake mwenyewe hajui hayo, kwa sababu simu haina mrithi wa nusu saa ijayo. Atakapokuja kujaza fomu ya mkopo au kuteua kozi, atakuwa ameweka maisha yake kwenye meza ya watu.

Maktaba nayo ijitazame. Mlangoni niliandika jina langu, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu katika daftari lililolala wazi, na juu ya mstari wangu nikasoma za watu kumi na wawili walionitangulia. Kifungu cha 31 cha Katiba chatambua haki ya faragha, na tangu mwaka 2019 tunayo Sheria ya Kulinda Data. Daftari hilo lingefungwa, akalishika mhudumu, gharama isingezidi ya droo moja yenye kufuli. Na ubao unaoorodhesha wajibu wa msomaji mara 14 ungeweza kutaja walau mara moja wajibu wa maktaba kwake: kwamba mhudumu atamsaidia bila kumkaripia, na kwamba atapewa dakika tano za onyo kabla ya muda wake kwisha ili afunge kazi zake. Yule binti alinyimwa dakika hizo, ndiyo maana alitoka mbio.

Kabla sijaondoka nilimwomba mhudumu karatasi, nikaandika kanuni nane kwa Kiswahili, ya kwanza ikiwa ile ya kufunga akaunti. Alizisoma polepole. Akaniuliza tuandike "Toka" au "Ondoka", maana programu nyingine husema hivi na nyingine vile, na msomaji atatafuta neno atakaloliona kwenye kioo. Swali hilo lilikuwa bora kuliko mengi ninayoulizwa kwenye semina. Tulikubaliana kuandika yote mawili. Akaibandika karatasi ile kwa gundi kando ya ubao wa zamani, kwa sababu ubao wenyewe, alisema, hauwezi kuondolewa bila barua kutoka makao makuu. Kwa hiyo kanuni ya chingamu ingali palepale.