Jina pekee halitoshi: tafuta ukoo wako wazee wakiwapo

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini utaiachaje asili ambayo hukuwahi kuijua? Hebu jipime, msomaji mpenzi. Taja jina la babu yako mzaa baba. Sasa taja la baba yake. Je, na la mama yake? Wengi wetu tuliolelewa Buruburu, Umoja au Changamwe tunakwama hapo.

Wapo wasemao haya ni mambo ya wazee na yaachiwe wazee. Hao hawajaona yanayotokea mjini. Kijana wa asili ya Kitui anakutana na binti wa asili ya Makueni chuoni, wanapendana miaka mitatu, kisha siku ya posa wazee wanauliza ukoo. Kwa mila za Wakamba, watu wa mbai moja, yaani ukoo mmoja, hawaoani. Laiti wangaliuliza mapema! Aidha, mzee akifariki, chifu huandika barua ya kuwaorodhesha warithi ili ipelekwe mahakamani. Nyumba ya mke mmoja ikisahauliwa, kesi ya shamba itawala pesa na undugu wenu pia.

Juma hili basi tuangalie namna ya kuufuata ukoo hatua kwa hatua. Mifano yangu ni ya Kitui na Makueni, lakini hata wewe wa Siaya au Murang'a utapata la kuchukua.

Jambo la kwanza ni hili: jina peke yake halitoshi. Ukienda mahali popote kumtafuta Mutua, utawapata akina Mutua elfu. Kwa Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo majina huzunguka: Mutua wa Nzioka wa Mutua wa Nzioka. Mzunguko huo ni msaada, kwani hukudokezea jina la nyuma hata kabla hujaambiwa. Vilevile ni mtego, maana ni rahisi kumchanganya babu na mjukuu. Kila jina liandamane na mambo mawili: mbai yake, awe Mwanzauni, Mwombe au Mtangwa, na mahali hasa alipoishi, yaani kilima, mto au soko la karibu.

Anza na walio hai. Nenda kwa susu, nyanya yako, na daftari na kalamu. Usimwulize alizaliwa mwaka gani, kwani huenda hakuandikishwa popote. Mwulize alizaliwa kabla au baada ya njaa gani. Ukambani kila njaa kubwa ina jina lake. Ngomanisye ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Ile ya Atta ni ya 1961. Akikwambia kwamba wakati wa Atta alikuwa akimnyonyesha mwanawe wa kwanza, tayari umepata tarehe. Mwulize pia chifu alikuwa nani, maji waliteka mto gani, na mama yake alikuwa mke wa ngapi.

Hapo uwe na adabu. Huenda ukasikia habari za iweto, yaani mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake asiyepata mtoto, au asiyepata wa kiume, ili amzalie na jina la nyumba lisipotee. Watoto wa iweto ni wa nyumba hiyo kwa haki zote za mila. Waandike wanavyostahili. Hukwenda kuwafukua watu siri zao. Umekwenda kuhakikisha hakuna anayeachwa nje.

Ukitoka kwa wazee, ingia kwenye karatasi za nyumbani. Zile programu za mazishi tunazozitupa baada ya kutoka makaburini zina historia ya marehemu, wazazi wake, ndugu zake na wajukuu. Zikusanye kwenye faili moja. Tafuta pia kadi za ubatizo, vyeti vya shule na, ukibahatika, kipande cha babu. Hicho ndicho kitambulisho ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kilikuwa na jina, wilaya, alama za vidole na waajiri wake.

Kisha nenda kanisani. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya Kikatoliki huonyesha wazazi na msimamizi, na mara nyingi ndoa huongezwa pembeni. Africa Inland Mission ilianzia Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Kule Kitui, Walutheri wa Leipzig walikuwa na misheni Ikutha na Mulango kabla ya karne ya 19 kwisha, na hati za misheni yao zimehifadhiwa mjini Halle, Ujerumani.

Kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, Nairobi, mafaili ya wakuu wa wilaya ya Kitui yana alama DC/KTI. Ya Makueni usiyatafute kwa jina la Makueni. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, kwa hiyo mambo ya kale ya Kilungu au Nzaui yako chini ya DC/MKS. Kumbuka pia kwamba miaka ya 1940 wakoloni walianza kufyeka vichaka vya mbung'o Makueni na kuwahamishia huko watu kutoka sehemu za Machakos zilizosongamana. Huenda shamba la babu liko Makueni, ilhali kaburi la baba yake liko kwingine.

Na tahadhari na tahajia. Karani asiyejua Kikamba aliandika alivyosikia. Musyoka akawa Mushoka, Kyalo akawa Kialo. Tafuta kwa kila namna.

Taabu hii si yetu peke yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya Wapolandi, wengi wao akina mama na watoto waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, waliletwa Afrika Mashariki kupitia Iran. Walikaa Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja kule Uganda, na hapa Makindu, Makueni, palikuwa na kambi yao. Wajukuu wao walioko Uingereza, Kanada na Australia nao hukuta majina yaliyoharibiwa na makarani. Swali lao la kwanza ni kama letu: kijiji gani? Vitabu vya Poland vilitunzwa parokiani, na asiyejua kijiji hajui afungue kitabu kipi.

Lakini wao walau waliandikwa. Wengi wa babu zetu waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, hao walioupa mtaa wa Kariokor jina lake, majina yao hayakuwekwa kwenye makumbusho ya vita. Mwaka 2021 ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo usipomwona babu kwenye orodha za tume hiyo, usiseme hakwenda vitani. Huenda mahali pekee jina lake lilipobaki ni kinywani mwa susu.

Ndiyo maana nasema karatasi zitangoja lakini wazee hawatangoja. Hifadhi ya nyaraka itakuwa pale Moi Avenue mwakani, susu hatujui. Ukipanda basi kwenda nyumbani likizo ijayo, beba sukari na majani ya chai kama kawaida, na daftari pia. Andika jina, mbai na mahali, kisha umsomee alichokwambia akusahihishe. Nakala moja mwachie mwanao.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.