Burundi: Je, tofauti za dini ndizo zinazowagawanya watu?

Mjini Bujumbura, Kanisa Kuu la Regina Mundi na misikiti ya mtaa wa Buyenzi haviko mbalimbali. Waumini wa pande zote mbili hukutana sokoni, huketi pamoja katika daladala na huzikana. Hapa, kama kwingineko duniani, maswali ni yale yale: Je, Wakristo na Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja? Imani zao zinaachana wapi? Na je, kuachana huko ndiko kunakozaa uhasama?

Swali la mwisho ndilo zito zaidi, na historia ya Burundi inalijibu kwa namna ambayo wengi hawaitarajii.

Imani zilivyoingia

Uislamu ulifika kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara wa misafara waliotoka pwani kupitia Ujiji. Wamisionari wa Kikatoliki wajulikanao kama Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, lakini watatu kati yao waliuawa mwaka 1881 na kituo chao kikafungwa. Walirudi na kuanzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898. Chini ya utawala wa Wabelgiji, Buyenzi ikawa makazi ya Waswahili, jina walilopewa Waislamu wa mjini bila kujali kabila lao.

Katika sensa ya mwaka 2008, asilimia 62 ya Warundi walijitambulisha kuwa Wakatoliki, takriban asilimia 22 Waprotestanti na asilimia 2.5 Waislamu. Katiba inaitaja Burundi kuwa nchi isiyofungamana na dini yoyote, na kalenda ya mapumziko ya kitaifa ina Krismasi na Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria pamoja na sikukuu za Idi.

Je, ni Mungu yule yule?

Lugha ya Kirundi ilikuwa na jibu lake kabla ya msikiti au kanisa la kwanza kujengwa. Warundi walimwita Muumba Imana. Neno hilo limebaki katika majina ya watu: Bizimana, yaani Mungu ndiye ajuaye, Harerimana, yaani Mungu ndiye aleaye. Majina hayo huwa ya Wakristo, na si ajabu kuyakuta yakitanguliwa na Juma au Hawa. Katika Kiswahili pia, padri na shehe hutumia neno moja: Mungu.

Yanayofanana ni mengi. Dini zote mbili zinamheshimu Ibrahimu, zinafundisha kwamba iko siku ya hukumu, na zinaamrisha kufunga na kuwasaidia maskini. Mwaka 2025, Ramadhani na Kwaresma zilianza katika juma moja la mwezi Machi. Muislamu hujizuia kula na kunywa tangu alfajiri hadi magharibi kwa mwezi mzima. Mkatoliki hutakiwa kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama siku za Ijumaa. Taratibu ni tofauti, lakini shabaha ni kuitiisha nafsi.

Zinapoachana

Hata hivyo, kusema kwamba dini zote ni sawa ni kuwakosea heshima waumini wenyewe. Qur'ani ina sura nzima, ya 19, yenye jina la Maryamu, nayo inamtaja Isa kuwa mtume mtukufu. Lakini inakana kwamba ni Mwana wa Mungu na kwamba alisulubiwa. Kwa Mkristo, kusulubiwa na kufufuka kwa Yesu ndiyo nguzo ya imani yote. Hapa hakuna njia ya katikati.

Wakristo nao hawakubaliani katika kila jambo. Wakatoliki wanamtii Papa na kuomba maombezi ya Maria. Waprotestanti hawafanyi hivyo. Waadventista huabudu siku ya Jumamosi.

Mpaka uliomwaga damu

Kama tofauti za mafundisho ndizo zingekuwa chanzo cha vita, Burundi ingegawanyika kati ya msikiti na kanisa. Haikuwa hivyo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, nchi ilipasuka kati ya Wahutu na Watutsi, ambao wengi wao walikuwa wamebatizwa katika kanisa moja na kupokea komunyo katika misa moja. Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliuawa mwaka 1996. Umoja wa imani haukuwa kinga.

Wakati mitaa mingi ya Bujumbura ilipogeuka kuwa ya kabila moja, Buyenzi ilijulikana kwa kubaki na mchanganyiko wake na kwa kuwahifadhi waliokimbia, wawe Wahutu au Watutsi. Haikusalimika kabisa: Machi 1995 mashambulizi yalifika Bwiza na Buyenzi yenyewe. Lakini ujirani, ndoa za mchanganyiko na Uswahili usiouliza kabila vilikuwa na uzito wake.

Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge kwa makabila. Walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Wakatoliki wa Buta na Waislamu wa Buyenzi hawakukubaliana juu ya Yesu ni nani. Walikubaliana kwamba jirani hatolewi.

Migogoro ya karibuni

Hata baada ya vita, mivutano mikali ya kidini nchini humo imekuwa ndani ya dini moja, au kati ya dini na dola. Machi 2013, huko Businde mkoani Kayanza, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa mwanamke aliyedai kutokewa na Bikira Maria, mahali ambapo Kanisa Katoliki halikupatambua, na watu kadhaa waliuawa. Mwaka 2019, mzozo wa uongozi katika Kanisa la Waadventista uliwafikisha viongozi wake mahabusu.

Anayeuliza tofauti za dini anastahili jibu la kweli: zipo, ni za msingi, na hazitafutika kwa hotuba za maridhiano. Lakini Burundi inaonyesha kwamba kujua jirani yako anasali vipi hakutoshi kukuambia atafanya nini siku utakapobisha hodi mlangoni pake ukikimbia. Hilo halikuamuliwa na madhehebu aliyozaliwa nayo. Aliliamua yeye mwenyewe.